Madoa Meupe kwenye Viatu vya Baba

Baba yangu alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na kazi ya kuving'arisha ilikuwa yangu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa juu wa Ruring'u, Nyeri, na katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kutazamwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Wazee waliokuja shuleni pekupeku walimvulia kofia. Yeye naye aliamini kwamba mtoto akimwona mwalimu ana vumbi viatuni, hata hesabu anazofundishwa ataziona zina vumbi.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni na mkebe wa polishi na kipande cha blanketi kuukuu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, nilipoanza kuyaona yale madoa. Yalikuwa meupe, madogo, kama matone ya mvua yaliyokauka, na mengi yalikuwa kwenye ncha ya kiatu cha kulia. Niliyafuta. Kesho yake yalikuwepo tena.

Nilidhani ni chaki. Baba alifundisha hesabu za darasa la sita na la saba yeye mwenyewe, na chaki ilikuwa kila mahali mwilini mwake: kwenye mikono ya koti, kwenye nywele, mara nyingine hata kwenye nyusi. Lakini chaki ukiipiga brashi inaruka. Hii iling'ang'ania ngozi mpaka nilowanishe kitambaa. Halafu kulikuwa na sisimizi. Kiatu kikilala nje ya mlango, asubuhi nilikuta msururu wao umepanda juu yake, na sikuwahi kuona sisimizi wakila chaki.

Siku moja maji yalikuwa mbali nami, nikalamba kidole kama mama alivyofanya akitaka kujua kama pasi imepata moto, nikasugua doa. Halikutoka. Nikalamba kidole kilekile mara ya pili bila kufikiri.

Kilikuwa kitamu.

Nilikaa pale nimekitazama kidole changu. Kisha nikamwita mama, aliyekuwa akipuliza moto.

"Mama, chaki ya baba ni tamu."

"Ati chaki ni tamu? Wewe unakula chaki?" Alicheka, moshi umemjaa machoni. "Maliza, baba yako anangoja viatu."

Nikamaliza. Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi maishani.

Mambo mengine yalikuja polepole, na kila moja tulilipatia sababu yake. Kwanza ilikuwa maji. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao Nyeri inafunikwa na mawingu wiki nzima na mtu akizungumza unaona pumzi yake. Watu walikunywa chai tu, maji baridi yaliwaumiza meno. Baba alikunywa maji kama mtu aliyekata nyasi juani kutwa. Alianza na glasi kwenye meza ya ofisi yake, ikawa jagi, ikawa kibuyu kizima alichobeba kutoka nyumbani, na akirudi alipitia kwenye mtungi kabla ya kutusalimia.

"Una nini?" mama alimuuliza.

"Niko na kiu tu. Chaki inakausha koo."

Kisha ikawa kwenda haja. Aliamka usiku mara nne, mara tano. Mchana aliacha hesabu nusu ubaoni, akavuka uwanja kwa haraka kuelekea choo cha walimu, akarudi, na kabla ya kipindi kwisha akavuka tena. Darasa zima lilimtazama kupitia dirishani. Watoto walianza kunong'ona, na mnong'ono wa watoto haukai shuleni, unafika nyumbani na ugali. Ikasemekana mwalimu mkuu ameficha chupa ya pombe chooni. Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja kwetu, akakataa chai, akamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba kiongozi ni mfano.  Baba alimsindikiza mpaka langoni, kisha akarudi moja kwa moja kwenye mtungi. 

Alikula kuliko zamani na bado alikonda. Alipasha msumari moto akatoboa tundu jipya kwenye mshipi wake, na baada ya wiki tatu akatoboa lingine. Mama aliogopa. Kwetu mtu akikonda ni mawili: ni kifua kikuu au ni mkono wa mtu. Hakutaka kutamka lolote kati ya hayo, kwa hiyo akafanya alilojua. Alimlisha. Kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kikawa vitatu, vikawa vinne. Alinunua mkebe wa unga wa glukosi mjini, ule wanaopewa wagonjwa, akamkorogea kila jioni. Jirani mmoja alileta asali ya kutoka msituni. Walimu wenzake wakamletea soda, kreti nzima, wakamwambia, "Mwalimu, kunywa upate nguvu."

Alikunywa zote. Alishukuru, akasikia kiu zaidi.

Kuelekea mwisho wa muhula macho yakaanza kumsumbua. Nilikuwa darasani siku aliyofuta ubao ambao haukuwa na kitu, akasema una ukungu. Hakuna mtoto aliyecheka. Siku ya kufunga shule alisoma majina ya walioshinda akiwa ameishikilia karatasi karibu na pua, kisha akakaa kitini mbele ya wazazi wote, akalala.

Kesho yake asubuhi hakuamka kwenda popote. Alitapika mara mbili, akasema tumbo linamkata. Nilipompelekea maji nilisimama mlangoni, nisiweze kuingia, kwa sababu ya jinsi alivyopumua. Alikuwa amelala chali, hajainua hata mkono, lakini alivuta pumzi ndefu, nzito, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyepanda mlima mbio. Chumba kilinukia ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Hatukuwa na ndizi.

Mama alimkimbilia jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Walimlaza nyuma kwenye magodoro, katikati ya mikebe mitupu. Viatu hakuweza kuvaa, mama akavitupa mikononi mwangu.

"Mbebee baba yako. Atavivaa akitoka."

Zahanati ilikuwa karibu kuliko hospitali, tukaenda huko kwanza. Mhudumu wake alikuwa mzee mfupi kutoka upande wa Meru, amevaa koti jeupe lililofika magotini, na kwa kuwa alihudumia watu wa kila kabila alizungumza Kiswahili na kila mtu, hata na wale walioijua lugha yake. Alimgusa baba paji la uso, akamsikiliza kifua mbele na nyuma.

"Kifua ni safi," alisema, akaonekana kushangaa. "Amesafiri? Amekwenda pwani, amekwenda Mwea?"

"Hajaenda mahali," mama alijibu.

"Basi si malaria, huku kwetu hakuna mbu wa hiyo. Amekonda lini?"

"Miezi miwili."

"Anakunywa maji?"

"Sana."

"Na mkojo? Anakwenda mara ngapi?"

 Mama alinitazama mimi, akatazama sakafu. Mwanamke wa rika lake hakuzungumza habari za mkojo wa mumewe mbele ya mwanaume mgeni na mbele ya mtoto wake. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba sikuruhusiwa kuufungua mdomo. Lakini ile pumzi ya baba iliendelea nyuma yangu, ndefu, nzito.

"Anaenda kila wakati," nilisema. "Hata katikati ya somo. Na chaki ya viatu vyake ni tamu."

Mama alinishika bega kwa nguvu. Yule mzee akageuka.

"Umesema nini, mtoto?"

"Chaki iliyo kwenye viatu vyake. Niliionja. Sisimizi wanaikula."

Hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua kiatu, akakipeleka dirishani penye mwanga. Siku ile sikuwa nimeving'arisha, madoa yote yalikuwepo. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akaenda kitandani, akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa baba, akanusa pumzi yake.

"Mama," alisema taratibu, "hii si chaki. Huu ni mkojo uliomrukia akiwa amesimama, ukakauka. Mkojo hukauka ukaisha. Huu umekauka ukaacha sukari."

Alimsaidia baba kutoa mkojo kidogo kwenye bakuli. Akawasha taa ndogo ya spiriti, akamimina dawa kwenye kichupa chembamba cha kioo. Ilikuwa dawa ya rangi ya buluu, buluu safi ya anga inayoonekana nyuma ya mlima asubuhi chache za Januari. Akadondosha matone ya mkojo, nikamsikia akihesabu kwa Kimeru, akakishika kichupa kwa kibanio juu ya moto.

Ilipoanza kuchemka, buluu ilikufa. Ikawa kijani. Kijani kikawa manjano. Nilidhani imeishia hapo, lakini ikaendelea, ikawa rangi ya chungwa, na mwishowe ikatulia ikiwa nyekundu na nzito kama udongo wa barabara yetu baada ya mvua. Nilisimama nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Ndani ya baba yangu, mtu niliyemjua kila siku, aliyenifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, kulikuwa na kitu kama hicho na hakuna aliyejua.

"Ni ugonjwa wa sukari," yule mzee alisema. "Anakula, lakini mwili hauwezi kuishika sukari, inapita tu, inatoka na maji yake yote. Ndiyo sababu ana kiu. Ndiyo sababu anakonda huku amekula."

Mama alikaa kwenye benchi polepole.

"Mimi ndiye nimekuwa nikimpa sukari," alisema. "Vijiko vinne. Mimi na mikono yangu."

"Ulimpa kwa sababu hukujua. Hata mimi, bila mtoto huyu, ningempa vidonge vya tumbo nikamrudisha nyumbani." Alikuwa tayari anaandika barua. "Sasa mwende hospitali ya mjini, msisimame njiani. Mgonjwa huyu hana siku mbili."

Tulifika. Walimpokea, wakamwekea dripu kwenye mkono, wakamchoma sindano, na mlango wa wodi ukafungwa. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la nje, viatu vikiwa mapajani mwangu. Mama hakuomba kwa sauti kama alivyozoea. Alirudia tu jina la Mungu, "Ngai, Ngai," kama mtu anayeita jirani ng'ambo ya bonde.

Kesho yake mchana muuguzi alitufungulia. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kibaya. Nilimkuta baba ameegemea mto, anapumua kimya kama watu wote, anatutazama. Midomo yake ilikuwa na unyevu. Ile harufu haikuwepo.

"Kadi za matokeo," alisema, "zilitolewa zote?"

Mama alianza kulia hapohapo. Mimi nilimwuliza muuguzi wamempa nini. Akaniletea kichupa kidogo, kinatosha kwenye kiganja, chenye maji maangavu yasiyotofautiana kwa macho na maji ya mtoni. Akasema inaitwa insulini, mwili wa baba umeacha kuitengeneza, na hii iliyomo humu ilitolewa kwenye ng'ombe.

"Ng'ombe?" baba aliuliza kutoka kitandani.

"Ndiyo, mwalimu. Ng'ombe wa kawaida."

Alifumba macho akafikiri. Sisi ni watu wa ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba: tunapata maziwa, tunapata mbolea ya kahawa, hatuombi zaidi. "Na huyo naye alikuwa amebeba uhai wangu," alisema baba, "akitafuna nyasi."

Nilipomweleza habari ya kidole na chaki alicheka mpaka dripu ikatikisika, muuguzi akamkemea. Halafu kicheko kikaisha. "Ni wangapi tumewazika," alisema, "tukasema wamerogwa?"

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili na sindano ya kioo ndani ya kijisanduku cha chuma. Mama ndiye aliyejifunza kuichemsha kwenye sufuria iliyotengwa na kuchoma; alifanya mazoezi kwenye viazi mpaka mkono ukazoea. Vichupa vya dawa alivitia ndani ya chungu kidogo, chungu ndani ya kingine chenye mchanga uliolowa, kwenye kona ya ghala isiyofikiwa na jua. Nyumba nzima ikaanza kunywa chai isiyo na sukari. Ilikuwa kama kunywa majani yaliyochemshwa na moshi, lakini hakuna aliyethubutu kulalamika mbele ya baba, ambaye alikunywa yake hadi tone la mwisho huku amekunja uso kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya wazazi ya muhula wa tatu, baba alisema atazungumza. Mama alimsihi asifanye hivyo. "Watu wameshasahau. Kwa nini uwakumbushe choo?" Baba alifunga tai yake.

Uwanja ulijaa. Yule mzee wa kanisa alikuwa kwenye viti vya mbele. Baba alisimama, akatoa miwani, akairudisha. Nilikuwa nimekaa nyasini na darasa langu, na nilitaka ardhi ifunguke.

"Mlinisikia nikiambiwa mlevi," alianza. "Nataka niwaambie nilichokuwa nikienda kufanya kule chooni."

Watu wengine walicheka kidogo. Akawaambia yote. Alitumia maneno yale ambayo hayatumiki mbele ya wakwe na wachungaji. Alisema habari za kiu isiyokatika, za mkojo wa kila saa na wa kila usiku, za kula sana na kukonda, za macho kuona ukungu, za kuchoka mpaka unalala kitini mbele ya watu. Alisema kuna kidonda kinachokataa kupona, kuna mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena. Alisema pumzi ikinukia tunda lililooza msingoje gari la kesho. Kisha akasema, "Na mimi mwalimu mkuu nilidanganya. Nilisema ni chaki. Niliona haya, na haya ile nusura iniue."

 Baba alikuwa na mwili mwembamba bado, koti linamning'inia, lakini nilimwona mkubwa kuliko siku zote. Nilikuwa nimemheshimu kwa jinsi alivyojua kila kitu. Siku ile nilimstaajabia kwa kusema mbele ya wote kitu ambacho hakukijua. Mzee wa kanisa alisimama, akaenda akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Watu walipoanza kutawanyika mwanamke mmoja alibaki nyuma. Alikuwa amembeba mgongoni binti wa miaka saba hivi, mkubwa mno kwa kubebwa. Alizungumza huku ametazama pembeni.

"Mwalimu, huyu alianza kukojoa kitandani mwezi uliopita. Nilimchapa. Nilimfanya aanike blanketi mwenyewe watu wamwone." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Na maji anayokunywa. Jana nilimkuta anakunywa ya ng'ombe."

Baba aliinama akamtazama yule mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Unachoka?" alimuuliza. Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Baba hakungoja soda za wageni wala hotuba ya kufunga. Walishuka bondeni wote watatu kuelekea zahanati, nami nikawafuata. Mzee wa Meru aliwasha taa yake. Buluu ilikwenda ikawa kijani, ikawa manjano, ikawa chungwa, na mama yule alijishika kichwa kabla hata ya kuelezwa. Lakini mzee alitabasamu.

"Msilie," alisema. "Mwalimu alibebwa kama gunia. Huyu ataingia hospitali kwa miguu yake."

Na aliingia kwa miguu yake. Nilimwona akipanda ngazi za wodi, ameshika kidole cha baba.

Aliporudi, mama yake hakuthubutu kumchoma. Mkono ulimgoma kila mara. Kwa hiyo kwa miezi michache yule binti alikuja kwetu kila asubuhi kabla ya shule, mama yangu awachome wote wawili. Walikaa kwenye benchi la jikoni ubavu kwa ubavu, baba amekunja suruali hadi pajani, binti amepandisha sare yake, wakisubiri sindano ichemke. Msichana huyo leo ni mama wa watoto watatu na analima ngano karibu na Timau. Baba aliishi mpaka akastaafu, na miaka kadhaa baada ya hapo. Ninapowakumbuka ninawaona pale benchini. Binti alitazama sindano ikiingia, macho wazi, hakupepesa hata kope. Baba ndiye aliyegeuza uso ukutani.

"Mwalimu," yule mtoto alimwambia asubuhi moja, akimpigapiga goti kwa upole, "ukiogopa niambie. Nitakushika mkono."

Baba akampa mkono.